Gari Lina Nini? Namna ya Kulipima Nyumbani Kabla ya Kumwita Fundi

Gari linapoanza kusumbua, wengi wetu humpigia fundi simu na kumwambia, "Fundi, nadhani ni plagi." Fundi anabadilisha plagi, tatizo linabaki. Wiki inayofuata ni koili, kisha pampu ya mafuta, na mwisho wa mwezi vipuri vimekula karo ya mtoto huku gari likitetemeka vilevile. Si lazima fundi huyo awe mwongo. Alipewa hukumu badala ya dalili, akaifuata.

Fundi stadi wa jua kali hapa Kenya, awe Nakuru, Kondele au Bungoma, akielezwa barabara gari linafanya nini, lini na likiwa wapi, huanza kazi karibu na ugonjwa wenyewe. Mwongozo huu ni wa kukusanya dalili hizo mwenyewe. Nimeuandika nikifikiria magari ambayo wengi tunayo: Probox, Fielder, Vitz, Premio, Note na Demio za petroli zilizotoka Japani zikiwa zimetumika. Nimefikiria pia njia zetu, kuanzia joto la Kisumu hadi baridi ya Timboroa.

Tafuta mita ya kupima volti, tochi, glavu, katoni kubwa iliyokunjuliwa, kipimo cha upepo wa tairi na daftari. Daftari usilidharau, ndilo litakalokuokolea pesa.

Na kabla hujagusa chochote: usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee, usifungue kifuniko cha radieta injini ikiwa moto, na usiache injini ikinguruma ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa gari una gesi isiyo na harufu, nayo huua.

Hatua ya 1: Lilaze gari juu ya katoni

Jioni, egesha mahali tambarare na utandaze katoni chini ya injini. Asubuhi soma madoa.

Maji matupu yasiyo na rangi wala utelezi, upande wa abiria, mara nyingi ni ya kiyoyozi. Kisumu, ambako hewa ina joto na unyevu mwingi, gari lenye afya linaweza kuacha kidimbwi baada ya safari fupi, na hakuna ubaya wowote. Doa la kijani, waridi au buluu ni kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, na hilo lifuatilie. Kahawia au jeusi lenye utelezi ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Kimiminika chepesi cha manjano karibu na gurudumu huenda kikawa mafuta ya breki. Gari hilo lisitoke uani mpaka likaguliwe. Ukisikia harufu ya petroli, usipige stata wala usiwashe kiberiti.

Injini ikiwa bado baridi, chomoa kijiti cha kupimia oili, kipanguse, kirudishe, kisha kichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Kijiti kikitoka na uji wa rangi ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Lakini wanaoishi sehemu za baridi kama Molo au Timboroa na huendesha safari fupi wanaweza kuona utando kidogo wa aina hiyo chini ya kifuniko cha oili, na huo ni mvuke tu ulioganda. Kijiti kikiwa safi na kulanti haipungui, usimruhusu mtu akufungulie injini.

Sasa geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kupiga stata. Taa ya oili, ya betri na ya injini lazima zote zionekane, kisha zizime injini ikiwaka. Ikiwa taa ya injini haiwaki kabisa katika hatua hii, jiulize kwa nini. Kuna magari huuzwa taa hiyo ikiwa imeng'olewa ili mnunuzi asiione.

Hatua ya 2: Gari halitaki kuwaka

Watu wengi hapa hununua betri mpya bila sababu. Fanya jaribio hili kwanza. Egesha ukitazama ukuta, washa taa kubwa, kisha piga stata huku ukiangalia mwanga.

Mwanga ukififia hadi kukaribia kuzima, nawe unasikia tak-tak-tak ya haraka, umeme hautoshi. Ama betri imeishiwa, ama vichwa vya nyaya havishiki. Mwanga ukibaki mkali na ukasikia "tak" moja tu, mshuku stata na waya wake. Kukiwa kimya kabisa na mwanga ni mkali, kwa gari la otomatiki kanyaga breki, sogeza gia hadi N na ujaribu tena. Likiwaka hapo, tatizo liko kwenye swichi ya gia, nayo betri haina hatia.

Betri ikishukiwa, ipime asubuhi kabla ya kuwasha chochote. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 imepungua kiasi cha robo. 12.2 imebaki nusu, na 12.0 kushuka chini iko karibu tupu. Mwambie mwenzako apige stata huku ukisoma mita: ikianguka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au haina chaji. Injini ikiwa imewaka, washa taa kubwa na feni ya ndani, kisha pima tena. Ukipata kati ya 13.5 na 14.7, altaneta inachaji. Ukipata 12 na kitu, na inazidi kushuka, betri mpya itakufa vilevile ndani ya siku chache, kwa kuwa mgonjwa ni altaneta au mkanda wake.

Kabla ya kulaumu chochote, tazama vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Zima gari, ondoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Koroga magadi kwenye maji ya moto, yale yale ya kulainishia mrenda na kunde, umwagie kidogo kidogo. Yatatoa povu kwa sababu yanaua tindikali. Hakikisha hayaingii ndani ya betri, suuza, kausha, kaza. Chanya hurudi kwanza, hasi mwisho.

Ikiwa injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki, achana na betri. Hapo pungufu ni petroli au cheche. Geuza ufunguo bila kupiga stata, weka sikio karibu na kiti cha nyuma: pampu ya mafuta hulia "zzz" kwa kama sekunde mbili kisha hunyamaza. Katika baadhi ya magari hulia tu wakati wa kupiga stata. Kama hailii wakati wowote, angalia fyuzi na rilei yake (swichi ndogo ya umeme) kabla ya kununua pampu. Tazama pia taa ndogo ya ufunguo kwenye dashibodi. Ikiendelea kumetameta ukiwa umegeuza ufunguo, gari halijautambua ufunguo wako, na hakuna plagi itakayolitibu.

Neno moja kwa wanaopita Ahero, Nyando na Budalangi wakati wa mafuriko. Gari likizima ndani ya maji, usipige stata tena, hata mara moja. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, stata yenyewe inaweza kupinda fimbo ya pistoni. Lisukumeni hadi pakavu, na lisiwashwe mpaka fundi atoe plagi na kuyatoa maji.

Hatua ya 3: Gari linachemka

Jambo hili nalitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu injini nyingi za eneo hili hufa kwa joto, na nyingi zingepona kwa kifuniko cha radieta cha bei ya chai na mandazi za wiki moja.

Maji huchemka kwa digrii 100 pwani. Kadiri unavyopanda, kiwango hicho hushuka takriban digrii 1 kwa kila mita 300. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, yanachemka karibu na 96. Nakuru, mita 1,850, karibu na 94. Pale Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni kama 91. Sasa kumbuka kwamba injini yako hufanya kazi kwa digrii 85 hadi 95 kila siku, ikiwa na afya njema. Kinachozuia maji yasichemke ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha radieta. Vingi vimeandikwa 0.9 au 1.1, na shinikizo hilo huongeza takriban digrii 20 au zaidi. Mpira wa kifuniko ukipasuka au springi ikilegea, gari lililokuwa likitembea vizuri Kisumu litachemka mlimani bila kuwa na kasoro nyingine yoyote.

Kwa hiyo, injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua kifuniko ukikague. Mpira ulio mgumu, wenye mikwaruzo au ulioliwa, kibadilishe kwa chenye namba ileile. Usipandishe namba ukidhani unaongeza nguvu. Utapasua mipira ya maji.

Kisha uliza: linachemka wapi?

Linachemka kwenye foleni, likishika barabara kuu linapoa: mshuku feni. Wacha injini iwake ikiwa imesimama, washa kiyoyozi, uangalie kama feni inazunguka. Isipozunguka, anza na fyuzi na rilei.

Kwenye foleni ni shwari, hata tambarare za Kano ni shwari, lakini ukishapita Awasi na kuanza kupanda kuelekea Kericho sindano inapanda: maji hayazunguki ya kutosha au radieta imeziba. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini mengi, na mtu akiyatia kwenye radieta mwaka baada ya mwaka, hujenga ukoko ndani ya mirija yake. Tumia kulanti halisi iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, kiasi cha nusu kwa nusu. Angalia pia kama mbele ya radieta pamejaa wadudu, nyasi na vumbi.

Kulanti inapungua lakini katoni ni kavu: washa injini ikiwa baridi, ushike mpira mkubwa wa juu baada ya dakika moja au mbili. Ukiwa umeshakuwa mgumu kabla hata haujapata joto, au chupa ya akiba inatoa mapovu yasiyokoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Gaskiti ya silinda hedi imeharibika, na hiyo ni kazi ya fundi.

Mafundi wengi, wakiona gari linachemka, hung'oa thamostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye radieta, na kuitupa. Mimi napinga jambo hilo waziwazi. Thamostati hufunguka karibu digrii 82 na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto linalofaa. Ikiondolewa, injini hukaa baridi, hasa alfajiri ya Nakuru au Eldoret, inakunywa petroli zaidi na oili inachakaa mapema. Imekwama? Weka nyingine. Ipime nyumbani kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka: nzima itafunguka mbele ya macho yako.

Onyo kwa wenye Vitz, Demio na Note: mengi ya magari haya hayana sindano ya joto. Yana taa ya buluu ikiwa injini ni baridi na nyekundu ikiwa imeshapata moto kupita kiasi. Nyekundu ikiwaka hakuna "nifike tu hapo mbele". Zima kiyoyozi, egesha, zima injini, subiri angalau nusu saa. Usiimwagie maji baridi. Chuma cha moto kinaweza kupasuka.

Hatua ya 4: Moshi na nguvu

Mvuke mweupe asubuhi ya baridi, unaoisha baada ya dakika chache, si ugonjwa. Mweupe usiokoma na wenye harufu tamu ni kulanti inayoungua. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa: anza na filta ya hewa, hasa kama unatumia barabara za vumbi. Itoe uitazame dhidi ya jua. Usipoona mwanga, ibadilishe.

Gari likipungukiwa nguvu mlimani, usikimbilie kulilaani. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyembamba. Ukitoka Kisumu hadi Timboroa umeacha njiani kama asilimia 15. Hiyo ni hali ya nchi. Ikiwa udhaifu umeanza baada tu ya kujaza mafuta, andika kituo, saa na lita, na uitunze risiti.

Hatua ya 5: Breki

Hapa usibahatishe. Kuna mteremko wa Salgaa na Sachangwan, na sote tunajua ni watu wangapi wamepotelea pale.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, washa injini. Pedali ikishuka kidogo, buusta, yaani kifaa kinachoongezea mguu nguvu, inafanya kazi. Ikibaki ngumu kama jiwe, buusta au mpira wake wa hewa una shida. Sasa ikanyage kwa dakika moja: ikizama polepole kuelekea sakafuni, mafuta yanavuja mahali, ndani au nje. Ikiwa laini lakini inakuja juu ukiipampu, kuna hewa kwenye mfumo.

Kiwango cha mafuta ya breki kikishuka, usijaze ukanyamaza. Ama padi zimeisha, ama kuna mvujo. Chungulia padi kupitia rimu kwa tochi. Zikibaki milimita 3, zibadilishe. Mluzi mwembamba ni onyo. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni kwamba onyo ulilipuuza na sasa diski inaliwa. Gari likivuta upande mmoja ukifunga breki, huenda kaliba moja, yaani kibano cha padi, imekwama. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa, utajua lipi limepata joto kuliko mengine.

Na mteremkoni, teremka kwa gia ndogo. Otomatiki ina L, B, S au 2 kwa kazi hiyo hasa. Kushuka kwa N ili kuokoa petroli ni kuachia breki peke yake mzigo wote, na breki iliyopata moto kupita kiasi haishiki.

Hatua ya 6: Kelele na mtetemo

Chukua mtu mwingine akusikilizie ukiendesha polepole.

Ukikata kona hadi mwisho na gurudumu la mbele likalia tak-tak-tak, ni joini ya ekseli. Angalia mpira wake kama umepasuka na kutema grisi. Mvumo unaoongezeka na mwendo, na kubadilika ukiyumbisha usukani kulia na kushoto, ni beringi ya gurudumu. Kugongagonga kwenye vishimo vidogo, wimbo unaojulikana sana na wanaoishi kwenye barabara za trela za miwa, Mumias, Chemelil na Muhoroni, mara nyingi huanzia kwenye linki za stebilaiza, ambazo ni rahisi, kabla ya kufika kwenye bushi na boljointi. Mwombe fundi azishike hizo kwanza.

Usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa kasi, usilipie balansi, yaani kusawazisha magurudumu, kabla hujaosha ndani ya rimu. Udongo mweusi wa Kano ukiganda upande mmoja hutetemesha gari zima. Ukitetemeka wakati wa kufunga breki tu, tazama diski.

Tairi nazo husema. Kuliwa katikati ni upepo mwingi, kuliwa kingo zote mbili ni upepo kidogo, kuliwa upande mmoja ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka. Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Soma pia zile tarakimu nne ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. 2317 ni wiki ya 23 ya 2017, hata kama muuzaji ameipaka rangi ikang'aa.

Hatua ya 7: Kuisoma kompyuta

Taa ya injini ya manjano isiyometameta inakupa muda wa kufika nyumbani. Ikimetameta, silinda inakosa kuwaka na petroli mbichi inaunguza katalisti, kisafishio cha moshi. Punguza mwendo na usimame. Taa nyekundu ya oili ni kuzima injini hapo hapo.

Kifaa kidogo cha OBD2, cha kusoma namba za hitilafu, huchomekwa chini ya usukani na kuongea na simu yako. Baadhi ya magari ya zamani ya soko la Japani hayaelewani nacho vizuri, kwa hiyo kijaribu kabla ya kulipa. Andika namba za hitilafu kabla ya kuzifuta. P0301 ni silinda ya kwanza kukosa kuwaka. Hamisha koili ya silinda hiyo hadi ya pili. Kosa likigeuka P0302, umeipata koili mbovu bila kununua kitu. P0171 ni hewa nyingi kuliko petroli, tafuta mpira wa hewa uliopasuka. P0128 ni injini isiyofikia joto lake, na mara nyingi hapo ndipo unapogundua kwamba mtu aling'oa thamostati zamani. Namba huelekeza mahali pa kutazama, haitaji kipuri cha kununua.

Hatua ya 8: Mpelekee fundi daftari

Sema hivi: "Habari ya kazi, fundi. Gari linachemka nikipanda Kericho, mjini halichemki. Feni inazunguka. Kifuniko nimeweka kipya. Kulanti imeshuka kidogo kwa wiki mbili, chini sijaona tone. Hebu liangalie." Kisha nyamaza, umwache afikiri. Akitaja kipuri, muulize kwa heshima amekijuaje. Hakuna kinachomfurahisha fundi wa kweli kama swali hilo, atakuonyesha kwa kidole.

Agiza kipuri cha zamani kirudi mikononi mwako. Na kabla hujamaliza kulipa, liendesheni pamoja hadi pale pale gari liliposumbulia: kama ni mlimani, mlimani, kama ni kwenye matuta ya mtaani, kwenye matuta. Mzunguko mfupi wa kuizunguka gereji hauthibitishi chochote.